Situation Room ya Ikulu ya Marekani

Situation Room ("chumba cha hali ya mambo") ni kituo cha kufuatilia matukio na taarifa za kijasusi kilichopo katika ghorofa ya chini ya bawa la magharibi la Ikulu ya Marekani mjini Washington, D.C. Kinaendeshwa na watumishi wa Baraza la Usalama wa Taifa. Kazi yake ni kumpatia rais, mshauri wake wa usalama wa taifa na wasaidizi wao wakuu habari za mambo yanayotokea duniani, usiku na mchana, siku zote za mwaka. Pia huwaunganisha kwa simu na video na makamanda wa majeshi, mabalozi na viongozi wa nchi nyingine.

Ingawa huitwa chumba, kwa kweli ni ofisi kadhaa zilizopangwa pamoja, zenye eneo la mita za mraba 500 hivi. Vyumba vya mikutano ndivyo vinavyojulikana kwa watu kutokana na picha na filamu, lakini kazi ya kila siku hufanyika katika ukumbi wa zamu, ambako maafisa wachache hukaa mbele ya kompyuta na simu.

Kituo hiki si shirika la ujasusi. Hakina majasusi wake. Hakitoi maamuzi pia. Kinapokea habari, kinazichuja na kuzipeleka mbele. Wala si handaki la dharura ambamo viongozi hukimbilia wakati wa hatari. Handaki hilo lilijengwa chini ya bawa la mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ndimo alimopelekwa Makamu wa Rais Dick Cheney tarehe 11 Septemba 2001. Siku hiyo Ikulu iliamriwa kuhamwa, lakini maafisa wa zamu wa Situation Room walibaki kwenye meza zao.

Historia

Mnamo Aprili 1961 Wakuba waliokimbia nchi yao, wakiwa wamefunzwa na shirika la CIA, walivamia Kuba kwenye Ghuba ya Nguruwe na kushindwa katika muda wa siku tatu. Rais John F. Kennedy aliona kwamba habari zilimfikia kwa kuchelewa na kwa vipande. Wizara ya Mambo ya Nje, Wizara ya Ulinzi na CIA kila moja ilikuwa na mitambo yake ya simu za maandishi, na kila moja ilimletea rais kile ilichoona kinafaa. Mwezi Mei mwaka huohuo aliagiza kituo kijengwe ndani ya Ikulu ili nakala za taarifa zote ziingie mahali pamoja. Mafundi wa ujenzi wa jeshi la majini waliikamilisha kazi katika muda wa wiki moja hivi, kwa gharama ya takriban dola 35,000, katika sehemu ambayo mwaka 1947 Rais Harry Truman alikuwa amejengewa uwanja wa mchezo wa bowling.

Inafaa kusema kwamba uvamizi ule haukushindwa kwa kukosa habari tu. Mpango wenyewe ulikuwa mbovu, na hakuna mtambo wa mawasiliano ambao ungeuokoa. Hata hivyo hitaji lilikuwa la kweli, nalo lilionekana wazi wakati wa mgogoro wa makombora ya Kuba mnamo Oktoba 1962. Barua ambayo kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti Nikita Khrushchev alimpelekea Kennedy tarehe 26 Oktoba ilipitia ubalozi wa Marekani mjini Moscow, ikatafsiriwa na kutumwa kwa sehemu, na ilichukua takriban saa 12 kufika yote. Siku mbili baadaye Khrushchev alitangaza kuyaondoa makombora kupitia Redio Moscow, kwa kuwa redio ilikuwa ya haraka kuliko mabalozi. Baada ya hapo nchi hizo mbili zilikubaliana kuwa na njia ya mawasiliano ya moja kwa moja, iliyoanza kazi tarehe 30 Agosti 1963. Watu wengi hudhani ilikuwa simu nyekundu mezani kwa rais. Ilikuwa mitambo ya kuchapa maandishi, na kwa upande wa Marekani iliwekwa Pentagon.

Rais Lyndon Johnson alikitumia kituo kuliko mtangulizi wake. Wakati wa vita ya Vietnam alizoea kupiga simu au kushuka mwenyewe usiku kuulizia ndege ambazo hazijarudi. Kambi ya Khe Sanh ilipozingirwa mwanzoni mwa 1968, alitengenezewa mfano wa eneo lile ukawekwa humo ili afuatilie mapigano kilima kwa kilima. Wanahistoria wengi huona hapo ubaya wa kituo cha aina hii: kiongozi anayepata habari za kila saa hushawishika kufanya kazi ya kamanda aliye umbali wa maelfu ya kilomita.

Richard Nixon kwa upande wake hakupenda kwenda huko. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Oktoba 1973, wakati wa vita ya Israeli na nchi za Kiarabu, waziri wake Henry Kissinger aliongoza mkutano ndani ya Situation Room uliopandisha kiwango cha tahadhari cha majeshi ya Marekani duniani kote. Rais mwenyewe alikuwa amelala.

Kituo kilijengwa upya na kufunguliwa tena Mei 2007, kikapata vyumba zaidi vya mikutano na vifaa vya video. Ukarabati mwingine uliogharimu dola milioni 50 ulikamilika mwaka 2023.

Maafisa wa zamu

Kwa muda mrefu kumekuwa na timu tano zinazopokezana. Timu huwa na maafisa wa zamu, mchambuzi wa taarifa za kijasusi na mtu wa mawasiliano, chini ya afisa mkuu wa zamu. Wafanyakazi hawa huazimwa kutoka CIA, majeshi, Wizara ya Mambo ya Nje na idara nyingine, kwa kawaida kwa miaka miwili hivi, kisha hurudi walikotoka. Hawateuliwi kisiasa, hivyo hawaondolewi rais mpya anapoapishwa. Hali ilikuwa tofauti mwanzoni: mwaka 1961 afisa mmoja wa CIA alikesha zamu ya saa 24 akiwa na kitanda cha kukunja karibu yake.

Katika zamu husomwa taarifa za mabalozi, ripoti za kijasusi, ujumbe wa kijeshi na habari za mashirika ya habari. Runinga huwa wazi muda wote, na mara nyingi hushinda mitambo ya siri kwa kasi. Mnamo Januari 1991, mabomu ya kwanza yalipoanguka Baghdad, Ikulu ilifuatilia matangazo ya CNN kama watu wengine majumbani. Kwa hiyo kazi ya afisa wa zamu si kuwa wa kwanza kujua. Anatakiwa kueleza kama jambo ni la kweli, lina uzito gani na nani anapaswa kuambiwa. Kwa ajili hiyo vituo vya zamu vya Ikulu, Pentagon, CIA, Wizara ya Mambo ya Nje na shirika la NSA vina mtandao wa simu wa pamoja. Tukio kubwa linapotokea, maafisa wao huzungumza kwa dakika chache na kulinganisha kile ambacho kila mmoja anacho.

Kila asubuhi timu hukusanya jalada la taarifa kwa ajili ya rais na wasaidizi wake. Mbali na jalada hilo huandikwa mihtasari mifupi ya matukio ya usiku na ya mchana.

Kumwamsha rais

Uamuzi mgumu wa zamu ya usiku ni nani aamshwe na lini. Kwa kawaida afisa wa zamu hampigii rais. Humpigia mshauri wa usalama wa taifa au msaidizi wake, naye ndiye huamua. Tarehe 19 Agosti 1981 ndege za jeshi la majini la Marekani zilitungua ndege mbili za Libya juu ya Ghuba ya Sidra. Rais Ronald Reagan alikuwa California, usiku. Mshauri wake Edwin Meese aliarifiwa, lakini alimwacha rais alale kwa zaidi ya saa tano, jambo lililozua lawama na mzaha mwingi nchini humo. Ukiliangalia kwa utulivu, hakukuwa na amri iliyomsubiri rais. Mapambano yalikwisha kabla ya simu ya kwanza.

Tarehe 7 Agosti 1998 ofisi za ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa kwa mabomu ya malori karibu kwa wakati mmoja, yapata saa nne na nusu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Washington ilikuwa saa tisa na nusu usiku. Kwa mujibu wa ripoti ya Tume ya 9/11, mshauri wa usalama wa taifa Sandy Berger alimwamsha Rais Bill Clinton kwa simu saa 11 na dakika 35 alfajiri. Wakati huo Nairobi ilikuwa imepita saa sita mchana, na wananchi walikuwa wakiwatoa majeruhi kwenye vifusi kwa mikono. Watu 224 walikufa, 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wamarekani walikuwa 12.

Pengo la saa mbili si jambo zito zaidi katika tukio hilo. Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameiandikia Washington mara kadhaa kabla ya mlipuko, akieleza kwamba jengo la Nairobi, lililokuwa kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie, lilikuwa karibu mno na barabara na lilihitaji kubadilishwa. Barua zilifika na kusomwa. Fedha za jengo jipya hazikutolewa. Kituo cha zamu kimeundwa kushughulikia jambo linalotokea sasa. Onyo la polepole, linalorudiwa kwa miezi, hupita katika ofisi za bajeti na si katika ukumbi wa zamu.

Habari za kwanza

Maafisa wa zamu hufundishwa kutoziamini habari za kwanza. Mfano unaotajwa sana ni wa Ghuba ya Tonkin. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za Vietnam ya Kaskazini ziliishambulia meli ya kivita ya Marekani Maddox. Tarehe 4 Agosti ikaja taarifa ya shambulio la pili, usiku, katika hali mbaya ya hewa. Saa chache baadaye kamanda John Herrick aliyekuwa ndani ya Maddox alituma ujumbe wa kutilia shaka taarifa hizo, akishauri uchunguzi zaidi kabla ya hatua yoyote. Johnson alitangaza mashambulizi ya kulipiza kisasi usiku huohuo, na tarehe 7 Agosti bunge likampa mamlaka ya kutumia nguvu. Utafiti wa NSA uliotolewa hadharani mwaka 2005 ulionyesha kwamba shambulio la pili halikutokea, na kwamba mawasiliano yaliyonaswa yalitafsiriwa vibaya.

Simu na usiri

Simu za rais kwa viongozi wa nchi nyingine hupangwa na kituo hiki. Maafisa husikiliza pamoja na wakalimani na kuandika kumbukumbu ya mazungumzo. Kumbukumbu ya simu ya tarehe 25 Julai 2019 kati ya Donald Trump na Volodymyr Zelensky wa Ukraine iliandikwa kwa njia hiyo, kisha ikawa ushahidi mkuu katika mashtaka ya kwanza ya bunge dhidi ya Trump.

Simu za mkononi haziruhusiwi kuingia. Anayeingia huiacha kwenye sanduku nje ya mlango. Utaratibu huo hutegemea uaminifu wa watu: mwaka 2018 ilijulikana kwamba ofisa mmoja wa Ikulu alikuwa amerekodi kwa siri mazungumzo ya kufukuzwa kwake kazi ndani ya kituo.

Picha inayojulikana kuliko zote ilipigwa humo na Pete Souza tarehe 1 Mei 2011, ikimwonyesha Barack Obama na wasaidizi wake wakifuatilia uvamizi wa nyumba ya Osama bin Laden nchini Pakistan, mtu aliyeshtakiwa kwa milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam. Obama amekaa pembeni kwenye chumba kidogo. Kiti kikuu kinakaliwa na jenerali anayeendesha kompyuta. Chumba hicho kilivunjwa katika ukarabati wa 2023.

Vituo vingine

Uingereza hutumia vyumba vya COBR mjini London, ambavyo hukutanisha mawaziri na wataalamu pale tu dharura inapotokea. Umoja wa Afrika una chumba cha ufuatiliaji katika makao makuu yake Addis Ababa. Kilitajwa katika itifaki ya mwaka 2002 iliyoanzisha Baraza la Amani na Usalama, kikiwa sehemu ya mfumo wa tahadhari ya mapema wa bara, na huunganishwa na vituo vya jumuiya za kanda. Tofauti na kile cha Washington, hutegemea zaidi habari zilizo wazi kwa umma, kama magazeti, redio na ripoti za ofisi za Umoja huo katika nchi wanachama.