Miembe ya Kwihara: Tulirithi, Je, Tutarithisha?

Mti aupandaye babu, kivuli chake hukaliwa na mjukuu. Wakazi wa Tabora hawahitaji kuelezwa ukweli huo, kwani wanauona kila siku kwa macho yao. Mwembe si mti wa asili ya nchi yetu. Kwao ni Asia ya Kusini, nao ulifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Kutoka pwani ulipanda bara pamoja na misafara ya biashara, ukapita Mpwapwa na Kilimatinde, ukafika Unyanyembe, ukaendelea hadi Ujiji. Popote misafara ilipopiga kambi, miembe iliota.

Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya njia hiyo. Hapo ndipo Livingstone na Stanley walipofikia Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka Machi, na Livingstone akakaa akingoja wapagazi kutoka pwani hadi Agosti mwaka huo. Tembe walimokaa limehifadhiwa kuwa makumbusho. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, pamoja na Kwihara, katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Lakini haifai kuwakumbuka wazungu wawili tu na kuwasahau maelfu waliopita hapo wakiwa na pembe za ndovu mabegani au minyororo shingoni. Wapagazi wa Kinyamwezi na watumwa waliosukumwa kuelekea pwani hawakuachiwa sanamu wala majina. Miembe iliyosalia kando ya njia ile ni sehemu ya kumbukumbu yao. Kwa hiyo mtu akataye mwembe mkongwe ili achome mkaa wa magunia machache huteketeza pia ukurasa wa historia.

Hata hivyo, heshima kwa miti ya zamani haitoshi. Swali lililo mbele yetu ni hili: sisi tunapanda nini? Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Hali hiyo inaufaa mwembe, kwa kuwa ukavu huuchochea kutoa maua, na maua yasiyonyeshewa hayashambuliwi sana na magonjwa. Tumbaku hudai kulimwa upya kila mwaka na kuni nyingi za kukaushia. Mwembe ukishashika hudumu miaka mingi, nao hauli msitu.

Tatizo ni namna tunavyoupanda. Wengi wetu hutupa kokwa na kungoja. Mara nyingi mti wa kokwa haufanani na mama yake, nao huweza kukawia miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti bora, huzaa mapema zaidi, kwa kawaida katika mwaka wa tatu au wa nne, na matunda yake hujulikana tangu mwanzo. Mche upandwe mvua zinapoanza, katika shimo lililotiwa samadi, kwa nafasi ya mita 10 kila upande. Ekari moja itachukua miche 40 hivi. Kati yake mkulima aweza kulima karanga au kunde miaka ya mwanzo. Mche umwagiliwe katika kiangazi cha kwanza na cha pili, tena ulindwe dhidi ya mchwa, mbuzi na moto.

Mwembe wa shambani uliochoka kuzaa nao usihukumiwe haraka. Hukatwa matawi, na machipukizi yake mapya yakabebeshwa aina bora. Shina kuukuu likatoa matunda mapya. Ile ya kihistoria iachwe kama ilivyo.

Yuko adui mwingine. Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, hutaga mayai ndani ya embe, na funza wake huliozesha. Maembe yaliyoanguka yasiachwe chini. Yaokotwe na kufukiwa kwa kina. Kazi hii haina faida ikiwa jirani haifanyi, kwani nzi hajui mpaka wa shamba. Hapo vijiji havina budi kushirikiana.

Vilevile, msimu ukifika maembe hujaa sokoni kwa wakati mmoja, bei ikaanguka, mengine yakaoza. Kuyakata vipande na kuyakausha juani katika vichanja safi, au kuyatia achari, ni kazi iwezayo kufanywa na vikundi vya kina mama na vijana. Nao maofisa ugani na watafiti wa kilimo wa Tumbi hawako mbali.

Mchumia juani hulia kivulini. Waliopita Kwihara wakiwa wamebeba mizigo ya wengine walituachia kivuli. Mvua zijazo zisipite kabla kila kaya haijachimba walau shimo moja.