Mtazame Ndege Kabla ya Kuokota Jiwe

Ndugu mkulima wa Ikinga, na wewe wa vijiji vingine vya Ileje, leo tuzungumze habari za ndege wala nyama wanaozunguka nyumba zetu. Akionekana mmoja tu, watoto hupiga kelele, "Mwewe! Mwewe!" na mawe yanaanza kuruka. Je, wote ni mwewe? Hapana. Yuko anayekuibia, na wako wanaokulindia shamba bila mshahara.

Mwewe mwenyewe ni wa rangi ya kahawia. Mdomo wake ni wa manjano, na mkia una panda kama wa samaki. Huzunguka juu ya makazi akitafuta mabaki, na kifaranga akiachwa peupe humnyakua. Huyo mzuie.

Sasa mtazame yule mnene, mwenye mgongo mweusi na mkia mfupi mwekundu, anayependa kukaa juu ya mti mkavu au nguzo. Huyo ni shakivale. Kifaranga anaweza kumchukua mara mojamoja, lakini chakula chake hasa ni panya, fuko, mijusi na nyoka. Yuko pia mdogo wa kijivu na mweupe, mwenye mabega meusi na macho mekundu. Huyu hupiga mabawa akisimama hewani mahali pamoja, kisha hushuka kwenye majani. Ujue kaona panya.

Na usiku yupo bundi, yule mwenye uso mweupe anayelala darini. Wengi humwua wakisema analeta mkosi. Ndugu, fanya jambo moja. Asubuhi pita chini ya mahali anapolala, utaona madonge meusi. Yapasue kwa kijiti: ndani mna manyoya, mifupa na mafuvu ya panya. Bundi humeza panya mzima, halafu hutapika kisichosagika. Kila fuvu hapo ni panya mmoja asiyefika ghalani kwako.

Na panya si mchezo. Jike mmoja wa panya shamba huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja, baada ya kubeba mimba wiki 3 hivi. Ukipanda mahindi, hufukua mbegu kabla hazijaota. Ukivuna, anakufuata ghalani.

Basi tufanye nini? Kwanza, vifaranga wachanga walee ndani au chini ya tenga mpaka wapate nguvu ya kukimbia. Hapo mwewe utakuwa umemshinda bila jiwe. Pili, usitege nyama yenye sumu. Hata sumu ya panya ina hatari yake: bundi akimla panya aliyekula sumu, naye huweza kufa. Mizoga ya panya ifukie. Tatu, simika shambani nguzo ndefu yenye mti wa kukingama juu, ndege apate pa kukaa na kuwinda.

Ndege peke yao hawamalizi panya. Fyeka kingo za shamba, tega mitego, na nguzo za ghala zivishe bati.

Kwa hiyo kesho ukisikia kelele za watoto, inua macho kwanza. Ukiona mkia wa panda, waite kuku wako. Ukiona mkia mwekundu, mwache afanye kazi yake, nawe shika jembe ufanye yako. Kazi njema.