Mawe ya Mizani ya Athens

Kazi yangu ni kukagua mizani sokoni. Nikilishika jiwe la mizani, kwanza natafuta alama: nani amelithibitisha? Ndiyo maana vipande vitatu vya shaba iliyochanganywa na bati, vilivyopatikana kisimani katika Agora, uwanja wa soko na siasa wa Athens ya kale, vinanigusa kuliko sanamu zote za Wagiriki.

Ni vya mnamo mwaka 500 KK. Kikubwa, kiitwacho stateri, kina gramu 795, na juu yake kimechomoza kifupa cha kifundo cha mguu wa mnyama, kama vifupa walivyochezea Wagiriki. Cha robo kina ngao na uzito wa gramu 190. Cha sudusi kina kobe na gramu 126. Vimeandikwa jina la kipimo, tena kwamba ni mali ya umma wa Waathene. Nimepiga hesabu: ile robo mara nne ni 760, sudusi mara sita ni 756. Vidogo vinapatana vizuri. Kikubwa ndicho kimezidi kidogo.

Kinachonifurahisha zaidi ni zile picha. Mama asiyejua herufi hata moja aliweza kuona kobe na kujua anapimiwa kiasi gani. Maandishi peke yake yangemwacha mikononi mwa muuzaji.

Vipimo rasmi vilitunzwa katika Tholos, jengo la mviringo walimokula wajumbe 50 wa baraza waliokuwa zamu, na baadhi yao wakilala humo humo. Karne ya 4 KK, wasimamizi wa vipimo walikuwa kumi, wakipatikana kwa kura: watano wa mjini, watano wa bandari ya Piraeus. Ukaguzi ulikuwa zamu ya raia.

Kuna pia sheria ya mwishoni mwa karne ya 2 KK, iliyochongwa kwenye jiwe, ambayo naiheshimu sana. Iliagiza nakala za vipimo ziwekwe Tholos, Piraeus na mji wa Eleusis. Mina ya biashara, kipimo cha uzito, ilipangiwa uzito wa sarafu za drakma 138, kisha ikaongezwa 12, na mizani isimame sawa kwenye 150. Kwa maneno mengine, nyongeza iliandikwa ndani ya sheria. Kwetu mteja huiomba nyongeza, na muuzaji akinuna, basi.

Lakini sheria hiyo hiyo ina sehemu inayoniuma kama mtu wa kazi hii. Tunalijua jina la aliyepewa jukumu la kutengeneza vipimo hivyo: Diodoros mwana wa Theophilos. Waliokabidhiwa kuvitunza, kuvitoa na kuvirudisha walikuwa watumwa wa umma. Wao hawakutajwa majina, na wakizembea, adhabu yao ilikuwa viboko.