Miundo ya mafaili ya picha yenye matabaka

Mafaili ya picha yenye matabaka ni mafaili ya kompyuta yanayohifadhi sehemu za picha, kama vile maandishi, nembo na mandhari, kila moja kwenye tabaka lake. Miundo mingi ya aina hii ni mali ya kampuni zinazotengeneza programu za kuhariri picha.

Umuhimu wake huonekana kazi inaporudiwa. Mji wa Karatu uko kwenye barabara ya kutoka Arusha kwenda Ngorongoro, na hoteli zake zinahitaji mabango. Namba ya simu ikibadilika, mwenye faili la matabaka huandika upya namba tu. Aliyebaki na JPEG, ambamo matabaka yote yameunganishwa, hana budi kuifuta namba ya zamani na kuunda upya picha iliyokuwa chini yake. Mara nyingi ni afadhali kuanza upya.

Muundo unaojulikana zaidi ni PSD wa Adobe Photoshop, programu iliyopata matabaka katika toleo la 3.0 mwaka 1994. Upande mmoja wa PSD hauzidi pikseli 30,000. Kwa nukta 300 kwa inchi, hizo ni mita 2.54 za karatasi. Bango la barabarani hutazamwa kwa mbali, hivyo nukta 100 hutosha na urefu hufika mita 7.62. Kazi kubwa zaidi huhifadhiwa kwa muundo wa PSB, unaofika pikseli 300,000.

Adobe imechapisha maelezo ya PSD, kwa hiyo programu nyingine huweza kuifungua, ingawa si kikamilifu: maandishi yanaweza kugeuka picha tupu isiyoharirika. AFPHOTO ya Affinity Photo imefungwa zaidi. Hata faili la toleo la 2 halifunguki katika toleo la 1. PaintShop Pro hutumia PSPIMAGE, na Corel Photo-Paint hutumia CPT.

XCF ya GIMP, programu huria isiyolipiwa, si siri ya kampuni yoyote, lakini Photoshop haiifungui. Uwazi wa muundo na kufunguka kwake kila mahali ni mambo mawili tofauti.

Fonti nazo huleta shida. Kwa kawaida PSD hubeba jina la fonti, si fonti yenyewe. Isipokuwemo kwenye kompyuta ya mchapaji, maandishi yakihaririwa huwekewa fonti nyingine.