Mteja Akiuliza "Trei Shilingi Ngapi?" Usikimbilie Kutaja Bei

Leo naongelea trei za kusia miche, zile nyeusi za plastiki zenye matundu. Hata kama wewe unauza viatu au vyombo, soma mpaka mwisho, kuna chako humu.

Mimi nina duka dogo la pembejeo hapa Morogoro. Niliishia kidato cha nne, kilimo sijasomea popote, nimejifunza kwa kuuza na kwa kukosea. Wateja wangu wengi nawapata WhatsApp na Instagram, mzigo natuma kwa basi. Hili kosa nililifanya mwaka wangu wa kwanza na mpaka leo nikilikumbuka naona aibu.

Mzee mmoja wa kule Ruvu alinitumia meseji: "Mwanangu, trei za miche unazo?" Nikajibu, "Shikamoo mzee wangu, zipo, za matundu 200." Akasema ana nusu ekari, anataka miche 1,000. Akapiga hesabu mwenyewe, trei 5, akaongeza moja ya akiba. Trei 6. Akafurahi kwamba ni chache. Na mimi nikafurahi, maana dukani nilikuwa na za 200 tu. Akalipa kwa simu, jioni mzigo ukapanda basi, nikaweka na status.

Baada ya wiki kama tatu akapiga simu. Hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulijua mimi nalima nini?"

Nikasema, "Hapana mzee, sikuuliza."

"Nalima tikiti."

Miche ilikuwa imebanana, majani makubwa yanagombania mwanga, shina refu jembamba. Mchana inanyauka hata kama asubuhi alimwagilia. Alipoihamishia shambani karibu nusu ikafa. Mbegu alinunua chotara, na wote mnaouza pembejeo mnajua bei ya mbegu chotara ya tikiti. Trei zilikuwa nzima kabisa, hakuna hata moja iliyopasuka. Nilimuuzia kitu kizuri kwa kazi isiyo yake.

MATUNDU MENGI MAANA YAKE TUNDU DOGO

Hapa ndipo wateja wengi wanapotegeka, na sisi wauzaji pia. Trei nyingi tunazouza zina ukubwa ule ule kwa nje, kama sentimita 54 kwa 28. Kwa hiyo ukiona matundu yameongezeka, ujue kila tundu limepungua. Tundu la trei ya 72 lina nafasi karibu mara tatu ya tundu la trei ya 200, na mara nyingi zaidi ya hapo kwa sababu lina kina pia.

Tundu dogo linabeba udongo kidogo, na udongo kidogo unakauka haraka. Mizizi nayo ikikosa pa kwenda inaanza kuzunguka humo humo ndani. Mche ukichelewa kutoka unadumaa, na hata ukifika shambani unachukua muda kushika.

Mimi nimejipangia hivi:

Matundu 50 na 72: tikiti, tango, maboga. Mbegu zake ni kubwa, mche unakua haraka, na haupendi mizizi yake iguswe. Hapa tundu kubwa ni lazima. Miche hii isikae sana, wiki mbili mpaka tatu iwe imetoka.

Matundu 105 na 128: nyanya, pilipili hoho, bilinganya, kabichi. Nyanya inakaa kama wiki nne. Hoho inakaa zaidi ya nyanya, kwa hiyo mteja akiwa na nafasi na hela namshauri achukue hata ya 72.

Matundu 200: saladi, chainizi, na kabichi kwa mtu mwenye uhakika kwamba atahamisha mapema na ana mtu wa kumwagilia kila siku. Kwenye jua kali trei hii inaweza kutaka maji asubuhi na jioni.

Vitunguu: wakulima wengi wanasia kwenye tuta la kawaida kwa sababu ekari moja inameza miche mingi mno. Usimlazimishe.

Karoti: usimuuzie trei kabisa. Karoti inapandwa moja kwa moja shambani, ukiihamisha mzizi unapinda. Utapata hela ya leo, kesho anakutangaza vibaya.

MPIGIE HESABU KABLA HAJALIPA

Mteja akikuambia "ekari moja ya nyanya", usikisie. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Akipanda sentimita 75 kwa 50 inaingia miche kama 10,800. Ongeza asilimia 10 ya mbegu zisizoota na miche inayokufa, inakuwa kama 11,900. Gawa kwa 128, ni trei 93. Ukigawa kwa 200 ni trei 60.

Tofauti ni trei 33. Mteja lazima ataona ya 200 ni nafuu, na ana haki ya kuchagua. Kazi yako ni kumwambia tofauti hiyo anailipia kwa nini: maji mara nyingi zaidi, na siku chache zaidi za kusubiri. Shamba likichelewa kulimwa wiki moja, miche ya 200 haitamsubiri.

Yule mzee wangu wa nusu ekari, kwa trei za 72 alihitaji 16. Mimi nikamuuzia 6. Yaani kwa kutouliza swali moja, yeye alipoteza miche na mimi nilipoteza mauzo. Wote tulipata hasara siku ile ile tuliyokuwa tunafurahi.

MASWALI MANNE NINAYOULIZA SASA

1. Unalima nini?
2. Unataka miche mingapi, au shamba lina ukubwa gani?
3. Shamba limeshalimwa au bado?
4. Nani atamwagilia, na mara ngapi kwa siku?

Nimeyahifadhi kwenye simu, mteja akiandika tu "bei?" namtumia salamu, bei, na haya maswali kwa pamoja. Usimfiche bei, watu wanachukia. Ila bei isiende peke yake.

UKIPOKEA MZIGO, HESABU

Niliwahi kuletewa boksi limeandikwa 128, ndani ni 105. Sasa sifungui boksi bila kuhesabu. Huhitaji kuhesabu tundu moja moja: hesabu upande mrefu, hesabu upande mfupi, zidisha. Ya 128 ni 16 kwa 8. Ya 200 ni 20 kwa 10. Ya 105 ni 15 kwa 7. Ya 72 ni 12 kwa 6. Ya 50 ni 10 kwa 5.

Kwenye picha weka rula au sarafu ya shilingi 200 juu ya tundu, mteja aone ukubwa kwa macho. Piga na chini, yaonekane matundu ya kutolea maji. Andika kama plastiki ni nyembamba au nene, maana nyembamba anaweza kuitumia msimu mmoja ikachanika, nene anaiosha na kuirudia. Kabla ya kuirudia aloweke kwenye maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, kisha asuuze vizuri. Na mwambie trei aziweke juu ya kichanja, asizilaze chini, mizizi itapita kwenye tundu la chini ishike ardhi, na siku ya kung'oa ikatike.

Wakati wa kufunga, usichanganye trei za aina mbili kwenye rundo moja. Haziingiani vizuri, na zikibanwa kwenye buti la basi zinapasuka kona.

Yule mzee nilimtumia trei 16 za 72 bila kumdai. Mbegu sikuweza kumrudishia, sikuwa na hela hiyo, na nilimwambia hivyo hivyo. Alikaa kimya miezi. Siku moja akaandika anataka trei za nyanya, robo ekari. Nikaanza kumpigia hesabu. Akaandika, "Subiri kwanza. Hujaniuliza nani atamwagilia."

Na wewe mwenzangu, kwenye bidhaa yako, swali gani ukimuuliza mteja kabla hajalipa linakuokoa na simu ya lawama? Liandike hapa chini, tujifunze wote.