Wakili Naye Hurudi Darasani



Mara nyingi mfanyakazi aliyeachishwa kazi huingia ofisi ya wakili pale Kampala, akaona shahada zimetundikwa ukutani, akatulia. Lakini shahada ya ukutani inaonyesha kwamba mtu alisoma zamani. Haionyeshi kama bado anasoma. Ndiyo maana nchi nyingi zimeweka masharti ya masomo ya kuendelea kwa mawakili. Mfanyakazi anayemlipa wakili inafaa ayajue.

MPANGO WENYEWE

Katika Uganda mawakili husimamiwa na Baraza la Sheria, kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili. Kanuni za masomo ya kuendelea zilitolewa mwaka 2004. Wakili akimaliza chuo kikuu na kozi ya Kituo cha Maendeleo ya Sheria, na akaandikishwa, bado hajapewa ruhusa ya maisha. Cheti chake cha kufanya kazi ya uwakili hutolewa na Msajili Mkuu wa Mahakama, na kila cheti hufa tarehe 31 Desemba. Akitaka kingine ni lazima aombe upya, na masomo ya kuendelea yamo katika masharti.

Masomo hayo huhesabiwa kwa saa au kwa alama. Njia ya kawaida ya kupata alama ni hizi:

(a) Kuhudhuria semina, warsha au mkutano mkuu wa mawakili. Hapa kwetu Chama cha Mawakili wa Uganda huandaa mafunzo kama hayo. Wakili huandikisha jina lake na kuweka ushahidi kwamba alikuwapo.

(b) Kufundisha. Katika nchi nyingi wakili anayewafundisha wenzake, au anayesoma mada mbele yao, hupewa alama kwa kazi hiyo.

(c) Kuandika makala au kitabu cha sheria.

(d) Kufuata masomo kwa kompyuta au simu, pale yanapokubaliwa na wasimamizi.

Jambo kubwa ni kibali. Mafunzo yasiyotambuliwa na wasimamizi hayaleti alama, hata yakiwa mazuri.

NCHI NYINGINE

Mpango huu haukuanzia Uganda. Katika Marekani majimbo ya Minnesota na Iowa yalianza kuwalazimisha mawakili mwaka 1975. Jirani zetu wa Kenya huwataka mawakili wapate alama 5 kila mwaka. Uingereza wao walikuwa na saa 16 kwa mwaka, lakini mwaka 2016 waliacha kuwahesabia masolisita saa. Walisema heri wakili apime mwenyewe upungufu wake na aonyeshe alivyourekebisha. Hoja yao ina uzito, kwa sababu mtu anaweza kukaa semina nzima akisinzia, na alama akapata.

YANATUHUSU NINI?

Sheria hazikai mahali pamoja. Tazama mambo matatu.

Kwanza, tangu Sheria ya Ajira ya 2006, lalamiko la kuachishwa kazi bila haki huanza kwa Afisa wa Kazi, na hutakiwa lipelekwe katika miezi 3, ila kama mfanyakazi ana sababu nzuri ya kuchelewa. Wakili asiyejua hili anaweza kukaa na faili yako mpaka muda ukapita.

Pili, mwaka 2022 Mahakama za Uganda zilianzisha mtambo wa kompyuta wa kupokea na kufuatilia kesi. Wakili aliyezoea kupeleka karatasi kwa karani alilazimika kujifunza upya.

Tatu, tarehe 1 Julai 2024 ilianza kutumika chapa mpya ya sheria zote za Uganda. Sheria ya Ajira sasa ni Sura ya 226, na vifungu vingi vimebadilishwa namba. Anayetaja namba za zamani anawachanganya mteja na mahakama.

Na kama wakili wako hana cheti? Hapa sheria inakulinda. Mabadiliko ya Sheria ya Mawakili ya mwaka 2002 yanasema kesi ya mteja isitupwe kwa sababu hiyo. Mteja apewe nafasi ya kutafuta wakili mwingine. Lakini kesi ikicheleweshwa anayeumia ni nani? Si wakili. Ni yule ambaye mshahara wake umekatika, na watoto wanangoja karo.

UFANYE NINI?

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza kwa heshima:

1. Bwana Wakili, au Bibi Wakili, una cheti cha mwaka huu? Jibu likikutia shaka, uliza ofisi ya Msajili Mkuu au Chama cha Mawakili.

2. Umehudhuria mafunzo gani ya sheria za kazi? Alama za sheria ya ardhi au ya benki zinamtosha yeye kupata cheti, lakini hazikusaidii wewe.

3. Kesi yangu inaanzia wapi, na siku ya mwisho ni lini? Jibu liandikwe.

Wakili mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Na kama ametenda vibaya, Kamati ya Nidhamu ya Baraza la Sheria hupokea malalamiko ya wateja.

Tusiyaogope majoho. Fundi hunoa msumeno wake kila asubuhi, na wakili naye anadaiwa hivyo hivyo. Wewe mwenye mbao una haki ya kuuliza kama msumeno umenolewa.