Gari "Kula Oili": Uchunguzi na Utatuzi wa Upotevu wa Oili katika Injini za Pikapu za Njombe na Makambako

Ikisiri

Makala hii inafafanua sababu zinazofanya injini za pikapu kupoteza oili kupita kiasi na hatua za kulichunguza na kulitatua tatizo hilo katika mazingira ya Njombe na Makambako. Hoja kuu ni kwamba kauli "gari linakula oili" hubeba ndani yake hitilafu tofauti, ambazo kila moja ina chanzo chake, gharama yake na tiba yake. Kwa hiyo, makala inapendekeza kwamba injini isifunguliwe kabla upotevu haujapimwa, mahali pa upotevu hapajabainishwa na maandishi hayajawekwa.

1.0 Utangulizi

Mji wa Makambako uko mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inakutana na barabara ya kuelekea Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Mji wa Njombe, makao makuu ya mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, uko takriban kilomita 60 kutoka Makambako, katika nyanda zinazokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Viazi mviringo, mahindi, chai, parachichi na mbao ni miongoni mwa mazao yanayoufanya mkoa huu ujulikane. Kabla mzigo haujapakiwa kwenye lori la kwenda mbali, mara nyingi hutolewa shambani kwa pikapu. Zipo pikapu za dizeli zinazobeba takriban tani moja, na zipo zile ndogo za petroli ambazo Watanzania wamezibatiza jina la kirikuu.

Katika biashara hii, mara nyingi gari huwa na watu watatu wanaolitegemea: mmiliki, dereva anayepeleka hesabu, na fundi wa gereji. Oili inapopungua bila maelezo, mmiliki humshuku dereva kwamba anaiuza, dereva humlaumu fundi kwamba hakukaza vizuri, na fundi hushauri injini ifunguliwe. Dereva aliyeachishwa kazi kwa tuhuma ya wizi, ilhali oili ilikuwa ikiungua ndani ya silinda, amepoteza riziki kwa kosa la ringi. Vivyo hivyo, mmiliki aliyegharamia kufungua injini ilhali sili moja ndiyo iliyokuwa ikivuja, amepoteza mtaji. Makala hii inakusudia kuwapa watu hao watatu utaratibu mmoja wa kuulizana na kujibizana.

2.0 Maana ya "Kula Oili"

Katika matumizi ya kila siku, neno "mafuta" humaanisha petroli au dizeli. Ndiyo maana mafundi hutumia neno "oili" kwa kilainishi cha injini. Tofauti hiyo imesaidia kuondoa utata. Utata uliobaki umo katika kitenzi "kula". Gari husemwa linakula oili katika hali tatu zisizofanana.

Hali ya kwanza ni oili kuvuja nje ya injini. Hali ya pili ni oili kuungua ndani ya silinda na kutoka na moshi. Hali ya tatu ni oili kuingia kwenye mfumo wa maji ya rejeta kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua au kipoza oili kilichotoboka. Katika hali ya kwanza gari "linavuja", katika ya pili "linachoma", na katika ya tatu "linachanganya". Fundi na mteja wakikubaliana kutumia vitenzi hivi vitatu badala ya kimoja, nusu ya uchunguzi itakuwa imefanyika.

Ni vema pia ieleweke kwamba injini nzima kabisa huchoma oili kidogo. Kila pistoni kwa kawaida ina ringi tatu: mbili za juu huzuia mgandamizo usishuke, na ya tatu hukwangua oili kutoka kwenye ukuta wa silinda. Utando mwembamba unaobaki ukutani ndio unaozuia chuma kisisuguane na chuma, na sehemu yake huungua. Kwa hiyo, swali la msingi si kama oili inapungua, bali inapungua kiasi gani.

3.0 Mazingira ya Nyanda za Juu na Athari zake

Tatizo hili lipo duniani kote, lakini mazingira ya Njombe yanalichochea kwa njia nne.

Kwanza ni mwinuko. Katika mita 2,000, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupata hewa kidogo, hivyo dizeli isiyoungua vizuri huacha masizi mengi yanayochafua oili na kugandisha ringi. Injini yenye tabo hujaribu kufidia upungufu huo kwa kuizungusha tabo kwa kasi zaidi, na beringi na sili zake huchakaa mapema endapo oili ni chafu.

Pili ni vumbi. Barabara nyingi za mashambani ni za udongo. Filta ya hewa iliyotoboka, au mpira wake uliolegea, hupitisha vumbi ambalo likichanganyika na oili hufanya kazi ya msasa baina ya ringi na silinda.

Tatu ni mzigo. Kirikuu nyingi zilitengenezwa kwa kufuata kanuni za Japani za magari madogo, ambazo haziruhusu injini kuzidi sentimita za ujazo 660 wala mzigo kuzidi kilo 350. Magunia manne ya kilo 100 tayari yamevuka kikomo hicho, sembuse yakiwa ya lumbesa. Kupanda mlima kwa gia ndogo na mzunguko mkubwa huipasha injini joto. Oili huwa nyepesi, na ringi zilizopata joto kupita kiasi hupoteza unyumbufu wake.

Nne ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai, oili nzito huchelewa kufika sehemu za juu za injini. Dereva anayewasha na kuondoka papo hapo na mzigo huzisugua sehemu hizo zikiwa kavu.

4.0 Hatua za Uchunguzi

4.1 Kupima

Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika kadhaa ili oili ishuke, kisha oili ijazwe hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia. Kilomita ziandikwe. Baada ya hapo, kila oili inayoongezwa iandikwe pamoja na tarehe na kilomita. Safari nane za kwenda na kurudi kati ya Njombe na Makambako ni takriban kilomita 960, umbali unaotosha kutoa jibu.

Miongozo ya baadhi ya watengenezaji huruhusu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Ikiwa katika safari hizo nane imeongezwa nusu lita, injini bado iko ndani ya kiwango, ingawa inafaa kufuatiliwa. Ikiwa zimeongezwa lita 2, upotevu umezidi mara mbili ya kiwango hicho na hatua zinazofuata ni za lazima. Daftari hilo dogo ndilo ushahidi wa dereva mbele ya mmiliki, na wa mmiliki mbele ya fundi.

4.2 Kutafuta uvujaji

Injini ioshwe, ikaushwe, kisha gari litembee siku moja na kulala juu ya boksi lililokunjuliwa. Matone yaliyo chini ya mbele ya injini huelekeza kwenye sili ya mbele ya kranki. Yaliyo kati ya injini na giaboksi huelekeza kwenye sili ya nyuma. Gasketi ya kifuniko cha valvu, gasketi ya sampu, filta na swichi ya presha ya oili zikaguliwe pia. Katika pikapu za dizeli ambazo pampu ya vakyumu imeunganishwa na altaneta, sili ya pampu hiyo isisahauliwe, kwani ikichoka oili huingia ndani ya altaneta na kuiharibu.

Maji ya rejeta nayo yaangaliwe injini ikiwa imepoa. Utando wa oili juu ya maji, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, ni dalili kwamba gari "linachanganya", nalo halipaswi kuendelea na safari.

4.3 Kusoma moshi

Moshi mweusi ni wa dizeli au petroli isiyoungua vizuri; moshi mweupe usiokwisha injini ikishapata joto huashiria maji au dizeli isiyowaka; moshi wa bluu ndio wa oili. Wakati unapotokea moshi huo una maana kubwa zaidi ya rangi yenyewe. Ukitoka injini inapowashwa asubuhi na kuisha baada ya muda mfupi, sili za valvu zinashukiwa, kwa sababu oili ilidondokea ndani ya silinda usiku. Katika injini ya petroli, ukitoka pale dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu, sili hizo hizo zinashukiwa, kwa kuwa mteremko huongeza mvuto ndani ya njia ya hewa. Ukitoka mfululizo gari likivuta mzigo, ringi na silinda ndizo zinazoshukiwa.

Kabla ya kuhukumu ringi, mpira wa kupumulia wa injini ukaguliwe. Ukiziba, presha hujaa chini ya pistoni na kuisukuma oili kila upenyo. Kuusafisha ni kazi ndogo ambayo imewahi kudhaniwa ni ovahoo. Kwa injini ya tabo, bomba la hewa lifunguliwe: oili nyingi ndani yake, pamoja na shafti inayocheza, humaanisha kwamba tabo ndiyo mkosaji.

4.4 Kupima mgandamizo

Katika injini ya petroli, mgandamizo wa kila silinda hupimwa mara mbili: kwanza ikiwa kavu, kisha baada ya kutiwa kijiko cha oili. Kipimo kikipanda sana mara ya pili, ringi zimechakaa. Kisipopanda, valvu zichunguzwe. Njia ya kutia oili haifai kwa dizeli, kwa kuwa nafasi iliyo juu ya pistoni ni finyu mno na kipimo hupotosha.

5.0 Utatuzi

Tiba ifuate chanzo. Sili na gasketi hubadilishwa bila kugusa pistoni. Sili za valvu katika injini nyingi hubadilishwa bila hata kushusha injini. Ringi zikiwa zimechakaa, silinda ipimwe kwanza upana wake juu, katikati na chini. Kuweka ringi mpya katika silinda iliyolika umbo la yai ni kuahirisha tatizo. Silinda ikiwa bado iko ndani ya kipimo, ukuta wake husuguliwa kwa jiwe maalumu ili upate michirizi ya kushika oili. Ikiwa imepita kipimo, huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, au huvalishwa slivu mpya.

Baadhi ya mbinu zinazotumika si tiba. Kuweka oili nzito, kwa mfano SAE 40 badala ya 15W-40, hupunguza moshi kwa muda, lakini katika baridi ya Njombe huchelewesha ulainishaji kila asubuhi. Oili iliyotumika ikichujwa na kurudishwa hubaki na masizi na asidi. Dawa za kuzibia sili huweza kulainisha mpira uliokakamaa, lakini hazirudishi chuma kilicholika.

6.0 Hatari ya Kupuuza

Injini ikikosa oili, beringi za konrodi huungua na injini hunoki. Ipo pia hatari isiyojulikana na wengi: injini ya dizeli inayoingiziwa oili nyingi na tabo iliyoharibika huweza kuungurumisha mzunguko wake yenyewe, isizimike hata ufunguo ukizungushwa. Katika gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu, aingize gia kubwa na kuachia klachi ili injini izimike. Kuziba njia ya hewa kwa mkono ni hatari. Bora watu wakae mbali.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba upotevu wa oili unaweza kuchunguzwa kwa vifaa vya kawaida vya gereji: kijiti cha oili, daftari, boksi, macho na kipima mgandamizo. Mpangilio wa hatua ndio wenye uzito: kupima, kutafuta uvujaji, kusoma moshi, kupima mgandamizo, kisha kufungua. Inapendekezwa kwamba kila pikapu ya biashara iwe na daftari la oili linalokaa ndani ya gari na kusainiwa na dereva pamoja na mmiliki kila oili inapoongezwa. Daftari hilo litaonesha mapema injini inayoanza kuchoka, na litamwepusha mtu mwaminifu na jina la mwizi.